BOILA IWAKAYO NA KUZIMIKA KILA MARA: SABABU ZAKE NA DAWA YAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Musoma, Bunda na Butiama)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme machache juu ya kazi yetu ya mitambo. Twatambua ya kuwa wengi waliomo humu ni makarani, waalimu, wauguzi na maafisa wa mashamba, wala hawashiki spana. Hata hivyo tumechagua habari ya boila kwa sababu mbili. Ya kwanza, boila moja ya mvuke iliyougua katika hospitali moja ya nchi hii ilitufundisha jambo ambalo hatukulisoma chuoni. Ya pili, ugonjwa ulioipata huipata pia pampu ya maji iliyo nyumbani kwa mwanachama, wala hajui jina lake.

Mvuke si mgeni kwetu watu wa Ziwa. Mwaka 1900 meli William Mackinnon ilishushwa majini huko Kisumu, baada ya vipande vyake kuletwa kutoka pwani. Mwaka 1907 ikafuata Clement Hill. Kisha zikaja Usoga na Rusinga, zilizoundwa Paisley katika nchi ya Scotland miaka ya 1913 na 1914, zikafunguliwa vipande vipande na kuunganishwa tena Kisumu. Meli hizo za moshi ndizo zilizozunguka bandari za Ziwa, na Musoma ikiwa mojawapo, zikichukua pamba, ngozi, barua na watu. Kazi yao imeshikwa na meli za dizeli. Lakini mvuke haukufa. Umehamia katika viwanda, na katika hospitali, ambako hufua nguo, hupika chakula, na hutakasa vifaa vya upasuaji.

Huko katika nchi za baridi, mvuke hupasha moto nyumba za watu. Katika miji ya New York, Boston na Chicago ziko nyumba nyingi za zamani zenye boila chini ya sakafu, na mabomba yanayopeleka mvuke vyumbani. Sisi wa Musoma, tuliojaliwa jua na upepo wa Ziwa, hatuhitaji chombo hicho; lakini wako vijana wetu wanaoishi huko, nao hutuandikia kwamba usiku boila yao huwaka, huzimika, huwaka, huzimika, na nyumba haipati joto. Maneno yao na maneno ya hospitali tutakayoieleza ni mamoja.

Tueleze kwanza boila yenye afya hufanyaje. Ndani yake mna maji, na chini au kati yake mna moto. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ndiyo maana mvuke uliofungiwa una nguvu nyingi. Nguvu hiyo husomwa katika geji, kwa ratli kwa kila inchi ya mraba. Ipo swichi ya mvuke yenye namba mbili: namba ya juu ya kuzima moto, na namba ya chini ya kuuwasha tena. Ipo na swichi ya maji yenye boya. Maji yakipungua, boya hushuka na moto hukatwa, ili chuma kisiungue. Tena juu ya zote ipo vali ya usalama, ambayo haimngoji mtu wala umeme. Nguvu ikizidi mpaka, hufunguka yenyewe. Boila nzuri huwaka kitambo cha kutosha, hupumzika kitambo cha kutosha, kama mkulima wa Butiama apigaye jembe mstari mzima ndipo aegemee mpini.

Sasa tuje kwenye kisa. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kwenda hospitali moja, ambayo jina lake hatutalitaja. Boila yake ilitumia dizeli. Tuliambiwa ya kuwa dizeli iliyokuwa ikitosha mwezi sasa haimalizi majuma matatu. Tena ya kuwa mafurushi ya nguo za chumba cha upasuaji yanatoka yamelowa. Jambo hili la pili ndilo zito. Furushi likitoka limelowa haliwezi kuhesabiwa kuwa limetakasika, maana vijidudu hupenya penye unyevu. Kwa hiyo upasuaji uliahirishwa, na mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa kujifungua alipelekwa usiku kwa gari kwenye hospitali nyingine iliyo mbali. Alhamdulillahi alifika salama, yeye na mtoto. Lakini njia ile ilikuwa ndefu, na kila aliyekuwa garini aliihesabu.

Lawama zote zilikuwa zimemwangukia mzee mmoja, mtunza boila. Ilisemwa kwamba amezeeka, kwamba anasinzia kazini, kwamba pengine dizeli inatoka kwa mlango wa nyuma. Na hapa, Mabwana, hatuna budi kukiri kosa letu. Siku ya kwanza tulikaa pale kwa muda wa nusu saa tu. Tuliona moto ukiwaka na kuzimika, tukaona mzee amesimama kimya, tukarudi ofisini na kuandika barua ya kwamba mtambo hauna kasoro kubwa, na ya kwamba inafaa atazamwe mtunzaji wake. Barua ile ilitiwa sahihi yetu. Kwa nguvu yake mzee aliandikiwa ajieleze kwa nini asiachishwe kazi, naye alikuwa amebakiza muda mfupi kufikia kustaafu.

Tuliporudi kwa mara ya pili alitusalimu kwa adabu, akatuwekea viti, kisha akasema, "Mabwana mafundi, safari iliyopita mlinitazama mimi. Leo nawaomba mtazame kioo." Hakuongeza neno. Tukaketi mbele ya kioo cha maji na geji, saa mkononi na daftari magotini, muda wa saa 2 kamili.

Katika saa 2 hizo moto ulizimika mara 24, yaani mara moja kila dakika 5. Lakini kila ulipozimika tuliandika mambo mawili: geji inasoma ngapi, na maji katika kioo yakoje. Tulipojumlisha, tuliona jambo la ajabu. Mara 17 moto ulizimika geji ikiwa ratli 80, na maji yametulia. Mara 7 ulizimika geji ikiwa kati ya ratli 65 na 70, hali maji katika kioo yanarukaruka, yanapanda ghafula kama maziwa yachemkayo, kisha yanashuka. Basi hapakuwa na ugonjwa mmoja. Palikuwa na magonjwa mawili yaliyovaa kanzu moja.

Hili ndilo fundisho la kwanza, nalo latosha hata kama mtayasahau mengine. Boila ikizimika mapema, msiulize kwanza, "Tubadili nini?" Ulizeni, "Nani aliyeuzima moto?" Ikiwa geji imefika namba ya juu, aliyezima ni swichi ya mvuke, nayo imetenda haki. Ikiwa maji yameshuka au yanaruka, aliyezima ni swichi ya maji. Ikiwa geji iko chini na maji yametulia, basi tafuteni katika kichomeo chenyewe, au katika bomba dogo lililopindwa kizingo linalopeleka nguvu ya mvuke kwenye swichi. Bomba hilo huziba kwa tope na kutu. Likiziba, swichi husikia habari za zamani au haisikii kabisa, na hapo moto waweza kuzimika kabla ya wakati au, lililo baya zaidi, kukataa kuzimika. Kabla ya kununua swichi mpya, lifungueni bomba hilo baada ya boila kupoa na nguvu yake kuisha, mkalisafishe.

Tukaanza na zile mara 7. Tuliona kwamba zote zilitokea pale vali ya chumba cha dobi ilipofunguliwa. Mvuke ukivutwa kwa ghafula, maji machafu hutoa povu. Kila mama anajua ya kuwa chungu cha maharagwe chenye magadi hufura na kumwagika, hali chungu cha maji matupu hutokota kwa utulivu. Ndivyo ilivyo boila. Maji huondoka kwa mvuke, bali chumvi na tope hubaki. Siku kwa siku yale yaliyobaki huwa mazito, kama kazi ya mpika chumvi. Povu hilo likipanda huingia katika bomba la mvuke na kuchukuliwa pamoja nao. Kwa hiyo boya likashuka na moto ukakatwa. Na kwa hiyohiyo mvuke ulifika katika chombo cha kutakasia ukiwa umebeba maji, na mafurushi yakatoka yamelowa. Sababu moja, hasara mbili.

Dawa yake ni kufungua vali ya chini kwa kitambo kifupi kila siku ili tope litoke, na kupima maji kama mtengenezaji wa boila alivyoagiza. Tukamwuliza mzee kwa nini hakufanya hivyo. Alikwenda kabatini akatoa daftari lake. Alikuwa ameandika kila siku, kwa mwandiko wa polepole, dizeli iliyotumika, saa za kutoa tope, na vistari vya kuhesabu moto umewaka mara ngapi. Katika ukurasa mmoja palikuwa na nakala ya amri: kutoa tope kufanywe mara moja kwa juma badala ya kila siku, ili kuokoa maji na dizeli. Chini yake mzee alikuwa ameandika, "Nimetii. Maji yameanza kuruka."

Tukaendelea kufunua. Tuliona tarehe ambayo mtambo mkubwa wa kupigia pasi uliondolewa, na boila ikabaki na kazi ndogo kuliko kimo chake. Tuliona tarehe ambayo fundi wa kukodiwa alitia nozeli kubwa zaidi katika kichomeo, kwa kudhani kwamba moto mkubwa utaleta mvuke zaidi. Tuliona tarehe ambayo mkubwa mmoja aliagiza nguvu ya mvuke isishuke sana, na swichi ikakazwa: zamani moto ulizimika kwa ratli 80 na kuwaka kwa ratli 60, tangu siku hiyo ulizimika kwa 80 na kuwaka kwa 75. Kabla ya mambo hayo vistari vya mzee vilikuwa 3 kwa saa. Baada yake vilikuwa 12. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Hapana aliyekisoma.

Hebu tuifikiri hesabu ya zile mara 17. Pengo la ratli 20 lilikuwa limepunguzwa kuwa ratli 5, yaani robo. Boila yenye pengo dogo, moto mkubwa na kazi kidogo, haina budi kuzimika upesi. Hujaza kibaba kwa debe. Tena kila kuwaka kuna gharama. Kabla ya dizeli kuwashwa, feni husukuma hewa ndani ya tanuri kwa kadiri ya nusu dakika, ili mafuta yaliyosalia yasilipuke. Hewa hiyo baridi hupita katika chuma chenye moto na kutoka na joto kwa dohani. Mara 12 kwa saa, kwa siku ya saa 8, ni mara 96. Nazo ni dakika 48 za kupoza boila kila siku kwa makusudi. Hapo ndipo dizeli ilipotokea, si kwa mlango wa nyuma.

Tulitengeneza jambo moja moja, na baada ya kila moja tulihesabu tena, maana atengenezaye matatu kwa pamoja hajui lililoponya. Kwanza tope lilitolewa kila siku na maji yakapimwa. Baada ya siku chache zile mara 7 zilitoweka, na mafurushi yakatoka makavu. Pili pengo la swichi lilirudishwa ratli 20. Moto ukawaka mara 3 kwa saa. Tatu nozeli ilirudishwa ya kipimo cha mtengenezaji, na moshi ukapimwa na mtu mwenye ujuzi huo. Ukawaka mara 2 kwa saa. Nne, bila kutumia hata senti, tulipatana na wauguzi na madobi kwamba kazi za mvuke zifanywe pamoja asubuhi, na vali ifunguliwe polepole, na jioni boila ilale. Zile dakika 48 zikawa 8.

Hapa twataka kuongeza neno kwa ajili ya wauguzi wa mkoa huu. Ziwa letu liko kwa kadiri ya meta 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji ya Musoma huchemka kwa joto la karibu digrii 96, si 100. Vitabu vingi husema chombo cha kutakasia kifike ratli 15 ili kupata digrii 121. Hayo ni maneno ya pwani. Huku kwetu ratli 15 katika geji huleta kama digrii 119 tu. Huhitajiwa karibu ratli 17. Kwa hiyo itazameni kwanza kipimajoto ndipo geji, wala msivuke mpaka ulioandikwa juu ya chombo.

Tena neno la hatari. Mtu akichoshwa na moto unaozimika, shetani humwambia afunge swichi ya maji kwa waya au aitie uzito vali ya usalama. Asimsikilize. Tarehe 20 Machi 1905, boila ya kiwanda cha viatu cha Brockton katika Massachusetts ilipasuka, watu 58 wakafa. Na baada ya msiba huo Wamarekani wakatunga sheria na kanuni za boila. Kwetu pia ukaguzi wa usalama mahali pa kazi una sheria yake, ya mwaka 2003. Maji yasipoonekana katika kioo, zimeni moto, ondokeni karibu, iacheni ipoe. Msitie maji baridi juu ya chuma kilichoungua.

Kwa vijana wetu walioko katika nchi za baridi twawaandikia hivi: boila za nyumba hufanya kazi kwa nguvu ndogo sana, aghalabu chini ya ratli 2. Mabomba na vyuma vya vyumbani vimejaa hewa, na hewa hiyo lazima itoke kwa vilango vidogo kabla ya mvuke kuingia. Vilango vikiziba, mvuke hukosa pa kwenda, nguvu hupanda, moto huzimika, nao chumba hakijapata joto. Mwiteni fundi avitazame hivyo, na usafi wa maji, na lile bomba la kizingo, kabla hajawauzia boila mpya.

Na kwenu mlioketi hapa: mwenye pampu ya umeme na tangi la kukusanya nguvu ya maji nyumbani, akisikia pampu yaanza na kusimama kila afunguapo bomba kunawa mikono, ajue kwamba ugonjwa ni uleule. Ndani ya tangi mna hewa inayofanya kazi kama chemchemi. Ikipotea, maji hayana pa kujibana, na pampu huitwa kwa kila kikombe. Akate umeme, amwage maji ya tangi, ajaze hewa kwa pampu ya baiskeli hadi ratli 2 chini ya namba ya kuwashia. Ikiwa pampu huwaka kwa ratli 30, hewa iwe ratli 28. Hewa isipokaa, mpira wa ndani umetoboka. Asiponye tangi, mota itaungua, na mota ina bei kuliko hewa.

Twamalizia kwa yule mzee. Tulipokwisha kazi tuliandika barua ya pili. Tulieleza ya kwamba barua ya kwanza ilikosea, ya kwamba walioiandika hawakuketi kutazama, na ya kwamba kumbukumbu za mtunza boila ndizo zilizoonyesha kasoro zote nne. Haikuwa barua tamu kuiandika. Mzee alifutiwa shauri, akafikia kustaafu kwake kwa heshima. Tulipokwenda kumwomba radhi alituuliza kama tumekula, akaagiza chai. Kisha akatupa daftari lake tulipeleke ofisini. Tulikataa, tukamwambia libaki ukutani penye boila, apate kulisoma atakayemfuata.

Mabibi na Mabwana, kila idara ina boila yake. Kila idara ina kazi inayoanza na kukatika, inayokula sana na kuzaa kidogo; na karibu kila mahali yupo mtumishi mdogo aliyekwisha kuiandika sababu katika daftari, naye hajaulizwa. Kabla ya kumwandikia barua, mwenzetu avute kiti, atazame kioo, aombe daftari.